Buti za Mwewe

Kwa Muhidini muuza kahawa, nyuma ya soko la Iringa, baridi ya Julai mwaka 1957 ilikuwa imewabananisha watu kwenye benchi, na kila mtu kakikumbatia kikombe chake kwa mikono miwili. Katikati aliketi Liberatus, ambaye mji mzima ulimwita Mwewe, buti zake nyeusi zikimeremeta. Kuruka na mwavuli kutoka kwenye ndege alijifunza jeshini, na tangu arudi alikuwa akiruka na mzungu mmoja wa mashamba ya chai Mufindi mwenye ndege ndogo. Mwafrika mwingine aliyeruka huku hakuwepo. Sasa goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kugoma, na kilichomuuma zaidi ya goti ni kwamba akiacha yeye, anga lote lile litabaki halina mtu wa kwao.

— Jumapili kuna nafasi moja kwenye ndege, alisema. Nakwenda na nani?

Benchi likakohoa.

— Mimi damu yangu ya pwani, alisema Mrisho, fundi cherehani. Kule juu itaganda kama samli.

— Damu si kitu, alidakia Kasian, mkulima wa Kalenga. Tatizo upepo. Unarukia hapa, unatua Usangu kwenye mpunga. Wale wanaofukuza ndege wasile mpunga wakikuona unashuka, wanakutandika kombeo!

— Heri kombeo, alisema Muhidini akimimina. Mwili unashuka mbio, roho inachelewa njiani. Mnadhani kwa nini Mwewe hucheka peke yake? Anaipokea roho yake, ndiyo kwanza inafika.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mwewe naye alicheka, kisha akasimama, maana habari hii hakuweza kuisimulia ameketi.

— Sikilizeni, jamani. Mlango ukifunguliwa, upepo unakushika mashavu. Unatoka. Tumbo linabaki kwenye ndege. Halafu mwavuli unafunguka, pwaa! Kimya. Kimya kile hata kanisani Tosamaganga sijakisikia. Mto Ruaha unauona mwembamba kama kamba ya kiatu.

— Na huogopi?

— Naogopa kila safari! Ndiyo maana mwavuli wangu naukunja mwenyewe. Lakini mimi, mtoto wa mgema ulanzi, nimeitazama Iringa nzima iko chini ya buti hizi. Acheni nijisifu!

Mwishoni mwa benchi alikuwepo mgeni, Mika, mpasua mbao wa Mafinga aliyekuwa akisubiri lori. Tangu awasalimie "kamwene" hakuwa ametia neno.

— Samahani, kaka. Naweza kuruka na makatambuga haya, au lazima buti?

Wote wakageuka kutazama vile viatu vyake vya matairi. Damu, upepo na roho walishavimaliza. Habari ya viatu hakuna aliyeijua. Miaka yote watu walimuuliza Mwewe kama haogopi kufa. Huyu alikuwa wa kwanza kuuliza avae nini.

Akainama, akafungua kamba.

— Lazima buti. Jaribu hizi. Ukitua, miguu pamoja, magoti yalegeze. Kesho asubuhi tunaanza mazoezi.

Mika akazivaa, akakanyagakanyaga chini. Zilimkaa sawasawa.

— Sasa wewe Jumapili utavaa nini? aliuliza Mrisho.

Mwewe aliketi na soksi zake zilizotoboka, kifua mbele, akamnyooshea Muhidini kikombe.

— Jaza viwili. Kimoja mpe mrukaji mwenzangu.