Mkuki wa Samaki wa Elifuraha

Kijiwe chenyewe ni benchi moja na matairi mawili yaliyolazwa chini, hapo Kaloleni, mbele ya banda la Elifuraha fundi baiskeli. Tangu biashara iachiwe huru, kila mtu mjini ana kitu cha kuuza, lakini maoni kijiweni hutolewa bure. Cha kulipia ni kahawa ya Mama Aika tu. Alhamisi hiyo Elifuraha hakuwa na raha hata chembe. Jumamosi angepokea mgeni kutoka Tanga, Mzee Mikaeli, baba wa kijana anayemchumbia binti yake Anneth. Walipokwenda kutambulishwa Tanga, Elifuraha alimwona mzee huyo ametundika ukutani mkuki wa kupigia samaki chini ya maji, na ulimi ukamponyoka: akajigamba kwamba hata yeye huwapiga samaki wa Ziwa Duluti kwa mkuki wake mwenyewe. Uongo mtupu. Kwao Poli, mlimani, samaki alihesabiwa ndugu wa nyoka mpaka juzijuzi. Sasa barua ilikuwa imefika: “Andaa mkuki, mkwe, tuingie ziwani pamoja. Na asubuhi yake nitamkamua mwenyewe yule ng'ombe wako unayemsifia. Kazi hiyo nimeifanya tangu utoto.”

— Mwanamume wa kweli huyo, alisema Elifuraha kwa huzuni, akaikunja barua. Mimi nikionekana mwongo, Anneth atakwenda kuishi vipi kwa watu wale?

— Tulia, alisema Profesa, mwalimu mstaafu ambaye jina lake hasa ni Ephraimu. Uliuona mkuki. Una vipande vingapi?

— Vitatu. Mti mrefu, meno matatu ya chuma mbele, kitanzi cha mpira nyuma.

— Basi ni hesabu tu. Tuanze na mti.

— Mti ni mzeituni wa porini, alisema Lengai, mlinzi wa hoteli moja huko Usa River, akiinua rungu lake. Haupindi, hauozi, na adui anauheshimu.

— Adui gani, mbe? Samaki? alidakia Godbless, fundi wa redio na televisheni, wanayemwita Waya. Chukua bomba la antena. Aluminiamu! Jepesi, halishiki kutu, na ninalo moja pale dukani, mwenyewe alihamia Dodoma.

— Jepesi la nini? alisema Profesa. Uzito ndio nguvu. Weka bomba la maji, la chuma.

— Likizama je?

— Si ndiko linakokwenda?

Elifuraha alichagua antena. Upande wa meno hakumuuliza mtu, kwa kuwa chuma ni kazi yake. Kwanza alijaribu spoku za baiskeli. Akazichomeka kwenye papai bichi, zikapinda zote. Akakata nondo nyembamba vipande vitatu, kila kimoja urefu wa shibiri, akavinoa kwa tupa, na karibu na ncha akachonga kijino cha kuelekea nyuma ili samaki asichomoke. Mikono ilipopata kazi, roho nayo ikatulia kidogo.

— Mpira wa nini sasa? aliuliza Lengai. Mkuki unarushwa, ero. Nipe mimi huo.

— Haurushwi, alisema Elifuraha. Kitanzi unakiingiza hapa, kati ya kidole gumba na cha shahada. Unauvuta mpira, mkono unausogeza mbele, unaushika mti. Ukiachia, unaruka wenyewe.

— Basi mpira uwe wa tyubu ya lori, alisema Waya. Samaki atakufa kwa upepo kabla hajaguswa.

— Utavutwa na nani, trekta? Nakata tyubu ya baiskeli, nasuka mara mbili.

— Urefu wa kitanzi theluthi ya mti, alitangaza Profesa, ambaye hakuwahi kuuona mkuki huo maishani mwake, na kwa bahati hakuwa mbali na ukweli. Ila hadhari. Duluti haina mwisho. Kuna mtu alishusha kamba siku tatu, ikatokea baharini. Samaki mtakaowapiga hapo wana ndugu Tanga, na habari zitafika.

— Kama ni hivyo, mkwe naye angepitia huko chini, alisema Mama Aika, akimimina.

— Mimi ningetia betri ya gari, alisema Waya.

— Betri utaishika wewe humo majini?

Waya akanywa kahawa. Likabaki swali la vipimo.

— Mti uwe na urefu gani? aliuliza Profesa.

— Kule Tanga ulimzidi mwenyewe kwa shibiri moja. Alinieleza hivyo.

— Na mwenyewe ana urefu gani?

Elifuraha akaiweka tupa chini.

— Nilimkuta amekaa. Nikamwacha amekaa. Alikuwa na mguu unamuuma.

— Ulikaa siku mbili kwa mtu hujamwona amesimama?

— Mimi nilikwenda kwa ajili ya posa ya binti, Profesa, sikwenda kumshonea suti!

Ikaamuliwa kumpima Lengai, kwa kuwa ndiye aliyekubali kusimama, na kuongeza shibiri. Jua lilipoanza kupungua, mkuki ulikuwa tayari. Elifuraha akauvuta mpira, akaachia, na papai la Mama Aika likatobolewa kutoka hatua mbili. Kijiwe kikapiga kelele. Elifuraha akajisikia fahari kabisa, akasahau kwamba ni mwongo.

— Hodi hapa. Namtafuta Elifuraha fundi baiskeli.

Alikuwa mzee mfupi, kofia mkononi, begi begani, vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi.

— Mkwe! Si ulisema Jumamosi?

— Nimepata lori la saruji, nikaona nisilikose.

— Shikamoo mzee, alisema Waya, akampisha kwenye benchi.

— Marahaba.

Lakini mzee hakukaa. Alikuwa ameuona mkuki. Akaupokea kwa mikono miwili, akavuta mpira, akagusa kile kijino kwa kidole, kisha akainua macho mpaka nchani, juu kabisa ya kichwa chake.

— Kazi safi. Labda urefu tu, huu wa kupigia nyangumi. Akawatazama wote kwa furaha. Haya, na nani kati yenu anajua kuogelea?

Profesa akachungulia ndani ya kikombe. Waya akafunga kamba za viatu. Lengai akatazama Mlima Meru kana kwamba kuna ng'ombe wake amepotelea huko. Elifuraha aliona aibu, halafu akaona amechoka kuibeba.

— Mkwe, mimi sijui. Maji yakifika magotini naanza kusali. Hata samaki, nilimla mara ya kwanza nyumbani kwako. Nilikudanganya, na binti yangu hana kosa.

Mama Aika aliinamisha birika, likatoa tone moja. Mzee Mikaeli akauegemeza mkuki ukutani polepole, akakaa kwenye benchi karibu kabisa na Elifuraha, akashusha sauti.

— Na yule ng'ombe wako, mkwe... mtu humkamua akiwa upande gani?

Elifuraha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na benchi zima likamfuata.

— Kulia, mkwe, alisema, akifuta machozi. Miguu nitamfunga mimi.