Kidole Badala ya Nyuki

Tarehe 31 Machi 1983 mwananchi Kalaba Chola anastaafu, akiwa ameitumikia taasisi yetu miaka ishirini na tisa. Waliopanga programu ya sherehe waliniomba ukurasa wa furaha. Furaha nitaitoa kadiri nilivyoikuta. Yaliyobaki nayo ni sehemu ya utumishi wake, na mtu haheshimiwi kwa kusimuliwa nusu.

Wengi mnamjua kama mkubwa wa herbier, kile chumba kirefu kinachonuka dawa ya wadudu, ambamo mimea iliyokaushwa imebandikwa kwenye karatasi na kupangwa ukoo kwa ukoo. Alizaliwa Kasomeno, kwa wakulima. Mwaka 1954 aliingia hapa kubandika majani yaliyochumwa na wengine. Miaka kumi baadaye aliomba ruhusa, akasoma chuo kikuu hapa hapa mjini, akarudi na shahada na ulimi mkali zaidi. Tangu 1969 funguo za herbier ziko mfukoni mwake. Hakuwa mnyenyekevu, na sitamsingizia unyenyekevu leo. Abakosti yake, suti yetu isiyovaliwa na tai, ilipigwa pasi hata siku ya kwenda porini, na aliyekosea jina la mmea mbele yake alikumbushwa kosa hilo harusini na matangani.

Kazi yake kubwa ilikuwa maua ya mukuba, yaani ya shaba. Kila mkaaji wa hapa ameona vilima vyenye upara katikati ya msitu, ambako shaba imejaa udongoni na miti hufa ikiwa michanga. Majani machache tu huivumilia sumu ile. Kalaba alitufundisha kuuliza yameivumilia vipi. Hayakuizoea kwa mwaka mmoja, alisema. Katika mbegu nyingi mno ilipona moja, nayo ikazaa zenye kupona, kizazi baada ya kizazi, hadi mmea wa kilimani ukaacha kuwa ndugu wa yule wa bondeni, ukawa jirani tu. Kila kilima kiko peke yake, na ukoo ulio juu yake hubadilika kivyake. Ndiyo maana mmea unaweza kuota juu ya kilima kimoja na usiwepo pengine popote duniani.

Mmea wa namna hiyo, wa jamii ya kunde, uliota juu ya kilima cha Mabwe, upande wa Kinsevere. Ua lake ni la manjano lenye mishipa myekundu, na watu wa pale waliliita taa ya mukuba. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wameuhesabu pamoja na mmea wa kawaida wa vichakani, wakidai ni ule ule uliodumazwa na udongo mbaya. Kalaba alizipanda mbegu zake kwenye udongo mnono wa bustani yetu. Mmea ukatoka vile vile, mfupi, na majani yake membamba. Akawaandikia. Mwaka 1967 jibu lao lilifika kwamba amesema kweli, ni spishi ya peke yake. Siku ile alinunulia idara nzima bia. Haijatokea tena.

Mwaka uliofuata alitutembelea injinia mmoja wa migodi, Gérard, kijana mwenye adabu. Kalaba akampeleka Mabwe. Nilikuwa nao. Akamwonyesha taa ya mukuba kama mtu anayemwonyesha mgeni mtoto wake wa kwanza. "Angalia muzuri," alimwambia, "hii iko hapa tu, dunia nzima." Gérard akainama, lakini mkono wake ulipita kando ya ua na kung'oa jiwe la kijani chini ya mizizi. Akauliza: "Na hii maua, inafika mpaka wapi?" Kalaba akamtembeza hadi mwisho wa maua, pande zote za kilima, akieleza njiani. Ndivyo mpaka wa mgodi ulivyochorwa.

Kuna wanaolisimulia jambo hili kwa kucheka, kwamba msomi wa mimea aliuza kilima chake bila kujua. Wafunge midomo. Tangu babu zetu walipokuwa wakiyeyusha mukuba kwenye tanuru za udongo, waliyafuata maua haya kuitafuta. Kalaba alilijua hilo kuliko wote. Alijisahau kwa asubuhi moja, kwa kuwa furaha ilimtangulia. Kosa kama hili hulifanya mtu anayependa kitu. Asiyependa kitu halifanyi, naye ndiye anayepandishwa cheo.

Tingatinga ziliingia Mabwe mwaka 1970. Kalaba alikaa kwenye mabenchi ya ofisi nyingi. Kila mahali aliambiwa mukuba inalisha taifa, na maua yanamlisha nani? Alimjibu mkubwa mmoja: "Mukuba itaisha, patron. Kisha mutakula nini, shimo?" Kwa jibu hilo alitolewa nje, lakini mwishowe alipewa pembe moja ya kilima, ikazungushwa seng'enge na kuwekwa kibao. Tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Katikati ya vita hivyo tulipata kicheko kimoja. Ulikuwa wakati wa kubadilisha majina, na yeye aliyebatizwa Faustin alikuwa ameshakuwa Kalaba Chola tu. Akaja msimamizi mmoja wa vijana wa chama, mwenye bidii kupita akili, akiamuru mimea nayo iache majina ya kizungu kabla ya mwisho wa mwezi. Kalaba akamfungulia kabati la kwanza. "Muzuri sana, leta majina. Kabati hii iko ya kwanza. Zingine ziko kule nyuma, mpaka kwa ukuta." Kijana akapunguza sauti, akaomba walau mmea mmoja wenye maua mazuri upewe jina la kikundi chake. Kalaba akamchagulia wenye maua ya zambarau, akaandika jina papo hapo. Kijana alirudi nyumbani na tawi mkononi. Mke wake, mtoto wa wakulima, ndiye aliyemwambia kwamba ni lile jani linalonyonya mizizi ya mahindi hadi yakauke. Jina likafutwa haraka.

Turudi Mabwe. Ile pembe ya seng'enge ilichanua mvua ya kwanza, ikachanua ya pili, na haikutoa hata ganda moja la mbegu. Ua lile limefungwa. Chavua imefichwa ndani ya petali mbili zilizoshikana kama mtumbwi, na vipepeo na nyuki wadogo hawana uzito wa kuzifungua. Anayeweza ni nyuki mkubwa mweusi, yule atoboaye mbao. Akitua, mtumbwi hushuka, chavua husukumwa nje na kumganda tumboni, naye huipeleka kwenye ua lingine. Nyuki huyo hulala kwenye miti mikavu. Miti ya kuzunguka Mabwe ilikuwa imekuwa makala, yaani makaa ya kupikia, na nguzo za mgodi. Tuliacha bibi harusi ndani ya seng'enge, tukamchoma bwana harusi.

Mwaka 1975 Kalaba aliing'oa mimea iliyobaki, akaileta kwa lori pamoja na udongo wake wa shaba, akaipanda kwenye bustani nyuma ya herbier. Alileta pia magogo makavu, akayaning'iniza ukutani ili nyuki waje watoboe. Walianza kuja. Kisha asubuhi moja magogo hayakuwepo. Alipita mlango kwa mlango kwenye nyumba za wafanyakazi, amefura kwa hasira, hadi kwa Mama Adija, mke wa mlinzi wetu Amisi, aliyekuwa akisonga bukari juu ya moto mkali. Mama hakukana. "Papa Kalaba, weye unatafutia nyuki nyumba. Yangu batoto balale na njala?" Kesho yake Kalaba alimpelekea gunia la makala na kumwomba magogo yaliyobaki. Yalikuwa majivu.

Tangu hapo, kila Machi na Aprili, nyuki ni yeye. Asubuhi kabla jua halijawa kali, hupiga magoti na abakosti yake, hubonyeza petali kwa kidole hadi chavua itoke, kisha huipeleka kwenye mmea mwingine, ua kwa ua. Taa ya mukuba iliyopo duniani leo inajaza tuta moja la bustani, na yote imezaliwa na kidole hicho.

Sitawaficha kwamba haiendi vizuri. Mimea imekuwa ndugu wa karibu mno, na mwaka jana maganda mengi yalikuwa matupu. Nilimkuta ameyapasua mapajani, akaniambia bila kuniangalia: "Ndugu yangu, sikuponesha kitu. Nilirefusha lufu tu." Nampinga hapa mbele yenu, kama nilivyompinga miaka yote hii. Anayerefusha kifo humpa mwingine nafasi ya kufika na dawa. Aibu ni ya wale ambao, wakijua mgonjwa yu hai bado, wanafunga chumba.

Na chumba kinafungwa. Nafasi yake, tumeambiwa, haitajazwa. Anaondoka tarehe 31 Machi, maua yakiwa yamefunguka nusu. Kamati ilipomuuliza zawadi anayoitaka, alikataa redio, akaomba ruhusa ya kupita getini asubuhi mpaka mwisho wa Aprili. Utawala ulijibu kwamba mstaafu hurudisha kadi yake, na kanuni haina msimu wa maua. Kwa hiyo atapewa redio.

Mzee Kalaba, tunakushukuru kwa mimea uliyoipa jina lake la haki, kwa vijana uliowatukana mpaka wakajifunza, na kwa magoti yako. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na mkeo Mama Kunda akuvumilie sasa utakaposhinda nyumbani mchana kutwa.

Mwisho, naarifu utawala, kama inavyotakiwa, kwamba komeo la mlango mdogo wa bustani, upande wa makaburi, limevunjika. Mutale wa stoo amelitazama mwenyewe. Anasema komeo la namna ile halipatikani Lubumbashi nzima, na kwa hesabu yake halitapatikana kabla ya mwezi wa tano.