Marcellin Kalonda na Mistari Yake Tisa

Marcellin Kalonda alizaliwa Wamaza tarehe 14 Juni 1974, mtoto wa kwanza wa papa Fidèle na mama Cécilia, wakulima. Alisoma shule ya msingi kulekule, na sekondari Kasongo, ambako alipata diplome ya serikali mwaka 1994, alipofanya mtihani safari ya pili. Ile safari ya kwanza familia ilishakubaliana kuisahau.

Mwaka 2006 shirika la vituo vya afya, Kasongo, lilimwajiri kutunza masini ya barua za kompyuta. Masini hiyo, kabla ya kutuma barua, huuliza kitabu cha adresi cha kampuni ya internet. Kitabu kilikuwa na makosa. Barua zilipelekwa kwa masini zilizokufa zamani. Marehemu Marcellin aliilalamikia kampuni kwa simu miaka miwili.

“Papa, kwetu yote iko sawa.”

“Basi nipeni chumba, nihamie kwenu.”

Mwishowe aliandika mwenyewe adresi za kweli ndani ya masini, mistari tisa, mmoja kwa kila ofisi wanayoandikiana nayo, ili isiulize tena kitabu. Kila Jumatatu alipigia ofisi zote tisa kujua kama adresi zao hazijabadilika.

Tarehe 22 Agosti 2009 alimuoa Sidonie, kule Kabambare. Mama mkwe aliuliza kazi yake. “Ninapeleka barua.” “Na baiskeli iko wapi?”

Februari mwaka huu aliugua figo. Mdogo wake Christophe, ndiye mimi ninayewasomea haya, alishika kazi. Aprili kampuni iliandika kwamba kitabu kimerekebishwa. Christophe, mutu wa usafi, akafuta mistari yote bila kujaribu hata barua moja.

Jumatatu tarehe 13 Mei daktari aliomba ndege ya wagonjwa ya Bukavu. Wenye ndege, moja ya zile ofisi tisa, hupokea maombi ya maandishi tu. Christophe alituma, akamwambia Sidonie: “Imetoka.”

Jumatano marehemu aliuliza kitandani: “Mistari yangu umeiacha?”

“Iko, yaya,” Christophe alimjibu kaka yake.

“Basi tungoje.”

Kusema kweli kungechukua dakika moja. Kurudisha mstari, tano. Christophe aliona haya.

Marehemu aliaga dunia Ijumaa tarehe 17 Mei 2024, saa tatu asubuhi. Mchana Christophe alifungua masini, akakuta ombi limekwama ndani: kitabu bado kilikuwa na makosa. Alirudisha mstari mmoja. Jibu lilifika baada ya dakika ishirini: ndege iko tayari. Daktari anasema labda isingesaidia. Hiyo “labda” ni ya daktari. Siku nne ni za Christophe.

Ameacha mjane Sidonie, watoto Glody, Aurélie na Elsa, mama Cécilia, na mdogo mmoja anayesahihisha hapa, mbele yenu wote, jibu la Jumatano: haikuwepo, yaya. Niliifuta. Mungu akupokee, upumzike kwa amani.