Msumeno wa Reino Umenyamaza

Benchi letu liko mbele ya duka la vifaa la Kangas, upande unaopigwa na jua, na theluji ikishayeyuka hapa mjini Calumet hatubanduki. Kahawa tunachota dukani, nyeusi kama lami. Jumamosi ile tulikuwa watatu: mimi, Urho, tunayemwita Nusu Kidole kwa sababu msumeno ulimfundisha adabu ujanani, na Clayton, jina lake la kijiweni Katalogi, mtu asiyenunua kitu lakini anajua kila kinachouzwa. Mara akaja Reino Lahti, seremala mstaafu, aliyefiwa na mkewe Elma katikati ya baridi. Akakaa, akasema mota ya msumeno wake wa meza imeungua.

— Ule wa kijani? nikauliza.

— Ule ule. Umetoa moshi, ukanyamaza.

Hakuna aliyetania. Jumamosi za mtaa wetu zilikwenda kwa msumeno ule. Ukianza kulia asubuhi, hata mlevi anajua kumekucha. Ukinyamaza, wanawake wanatoa pasti, vile vikate vilivyojazwa nyama, kwenye oveni, maana Reino anakwenda kula. Elma alikuwa anasimama jikoni, anasikiliza tu, anakwambia leo anakata msonobari, leo anakata mwaloni. Hakosei.

— Sasa unachukua upi? Katalogi akauliza. Humo ndani iko mitatu. Kuna wa bei poa, kuna uliokarabatiwa, na kuna ule wa wakubwa.

— Ndiyo nimekuja kuwauliza.

Basi akawa amejitakia.

— Chukua wa bei poa, Urho akasema. Kwa umri wetu huu, unanunua wa kudumu ili umwachie nani?

— Meza yake laini, bwana, Katalogi akapinga. Ukiweka ubao wa mwaloni inabonyea kama godoro. Jirani yangu alikatia rafu, vitabu vyote vikahamia kona moja.

— Jirani yako yupi?

— Alishahama.

— Naye alihamia kona hiyo hiyo?

Mimi nikasema achukue uliokarabatiwa. Huo umefunguliwa, umewekwa beringi mpya, na kuna binadamu aliyeuwasha akausikiliza. Mpya umetoka kwenye boksi tu, nani amewahi kuutazama?

— Umerudishwa huo, Urho akanikata. Kitu hakirudishwi bila sababu. Labda mwenyewe ulimkata.

— Vidole vya mwenyewe na mota vinahusiana nini?

— Msumeno ukishaonja nyama, hautulii tena kwenye mbao. Wangu niliuuza. Aliyenunua, leo ukimpa mkono unashika kiganja kitupu.

— Ndiyo maana nasema ule wa wakubwa, Katalogi akadakia. Ukigusa ngozi unasimama wenyewe, hata hujajua umegusa. Na wa mwakani utakuwa unanusa pumzi. Umekunywa? Hauwaki.

— Na Jumapili? Urho akauliza.

— Jumapili unakuuliza kwanza kama umetoka kanisani.

Reino akacheka. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akicheka.

— Wangu ulikuwa haujui lolote, akasema. Ulikuwa unakata tu.

Hapo tukaanza kuvitaja vilivyopita kwenye meno ya msumeno ule. Kitanda cha mtoto cha binti zake Urho. Mlango wa jiko langu, ambao mpaka leo unafunga kwa kidole kimoja. Benchi za sauna ya Katalogi, aliyezipata bure na akazilalamikia. Urho akasema vumbi la mwaloni lilikuwa linanukia mpaka barabarani, na Elma anapita na ufagio akilaani huku anaimba. Kahawa ikatupolea mikononi.

Akatoka dukani Noreen, muuguzi aliyehamia mtaani kwetu majuzi, ameshika balbu. Urho akamsimamisha, akamweleza mgogoro wote, wa bei poa, uliokarabatiwa na wa wakubwa, asikie na mtu baki anasemaje. Dada wa watu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Reino.

— Samahani, mzee. Unataka kutengeneza nini?

Asubuhi nzima tulikuwa tumekata kila kitu, na hilo hakuna aliyeliuliza.

Reino akaweka viganja vyake vikubwa juu ya magoti.

— Elma ndiye alikuwa anasema, akajibu. Anakuja mlangoni na kikombe, anasema Reino, nataka kabati pale. Nataka dirisha liwe pana. Baada ya mota kuungua nilizunguka nyumba nzima, chumba kwa chumba, natafuta kinachokosekana.

— Na ukaona nini? Noreen akauliza, taratibu.

— Hakuna. Kila alichotaka nilishamtengenezea.

Sijui hadi leo kama alikuwa anajivunia au analia. Noreen akaweka balbu zake chini, akakaa pembeni yake.