Torgunn Skarvik na Ndege Zake

Ndugu waombolezaji, mimi ni Eivind, mdogo wake marehemu, na familia imenipa dhamana ya kuwasomea maisha ya dada yetu Torgunn, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kisiwa cha Langskjær, mkoani Nordland, Norwei, mtoto wa kwanza wa mvuvi Håkon na mama Oddny.

Tarehe 22 Aprili 1958 alishikwa na kidole tumbo, boti ingechukua saa sita kufika hospitali ya mjini Bodø, naye hakuwa na saa sita, ikaja ndege ya kutua majini, na rubani alipoona mtoto analia akamketisha pembeni yake, akamwambia, "Shika usukani, binti, peke yangu siwezi," naye akaacha kulia.

Alisoma shule ya bweni, kisha sekondari Bodø hadi mwaka 1969, mwaka ambao chuo cha urubani kilimkataa kwa sababu ya jicho lake la kushoto, akakaa siku mbili bila kula, na tarehe 2 Februari 1970 akaanza kazi posta, alikostaafu mwaka 2013.

Alifunga ndoa na Asbjørn, fundi wa injini za boti, tarehe 18 Juni 1977, wakajaliwa binti mmoja, Hallfrid.

Mwaka 1993 alinunua kompyuta yenye programu ya urubani wa kuigiza, na kuanzia hapo tulizoea kumsikia Asbjørn akiita kutoka jikoni, "Mama Hallfrid, umeanguka tena? Samaki wanapoa!"

Oktoba 2009 Asbjørn alipata kiharusi, akapoteza usemi, na dada kila alasiri akitoka posta akamketisha mbele ya kompyuta, akimrusha kwa ndege ya kuigiza juu ya visiwa vyetu, miezi minane bila kusikia hata neno, mpaka tarehe 11 Juni 2010, ndege iliposhuka mno karibu na mnara wa kanisa, Asbjørn akapiga kelele, "Vuta! Vuta juu, wewe mwanamke!", dada akaachia usukani, ndege ikazama baharini, Hallfrid akawakuta wamekumbatiana wakilia na kucheka.

Novemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki nyumbani tarehe 3 Mei 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea chakula, wenzake wa posta, na marubani wa kompyuta kumi na mmoja waliokuwa wakiruka naye mtandaoni, waliotoka hata Denmark na Uskoti kuja kumzika rafiki waliyemjua kwa sauti tu.

Dada Torgunn, umetutunza vya kutosha, sasa pumzika, kwa amani ya Mungu.