Mama Kaimu na Kiti cha Mkuu wa Kituo

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi wa polisi, mkuu wa kituo chetu atavua kofia aende nyumbani. Sisi wa kaunta tumepewa kazi ya kumwandikia wasifu, na tangu asubuhi tunaduwaa dirishani, kalamu mdomoni, kana kwamba ni kituo kizima kinachostaafu.

Alianza hapa akiwa konstebo mwembamba, buti zikimpwaya. Akapanda hadi koplo, kisha sajini. Silaha yake ilikuwa sauti ya chini. Watu waliingia wakifokeana, ikabidi wanyamaze ili wasikie anachouliza. Wakishanyamaza, ugomvi umekwisha nusu. Kuna mlevi aliyekuwa akija kujisalimisha mwenyewe, akidai nyumbani hakuna anayemsemesha kwa upole.

Kisha mkuu wa zamani akahamishwa, naye akaambiwa akaimu miezi sita. Akifaulu, atapandishwa kuwa inspekta na kuthibitishwa. Alifaulu. Miezi sita ikazaa miaka tisa, jamani! Kila alipouliza, aliambiwa suala lake linashughulikiwa. Jina la Mama Kaimu likamganda hadi sokoni, hadi kwa wajukuu. Mumewe, fundi cherehani, alimshonea sare na kusema ameacha nafasi ya nyota mabegani. Sare ikachakaa, akashona nyingine, nafasi ikabaki palepale. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Za huyu zilikuwa zinaozea mtini.

Sasa kuna jambo la kiti. Kile kiti cha ngozi cha mkuu wa kituo, kinacholia kikizungushwa, hakukikalia hata mara moja. Alisema mgeni halalii kitanda cha mwenye nyumba. Alikiwekea kofia yake, yeye akakaa kando ya meza kwenye stuli ya mbao, akaendesha kituo kutoka hapo. Jua la asubuhi likiingia, vumbi lilielea taratibu juu ya kile kiti kitupu, nasi tulipita mlangoni kwa kunyata, kama kuna mtu amelala.

Siku alipoambiwa ataletewa mwanafunzi wake wa zamani, aliyemfundisha kuandika maelezo ya mashahidi, awe ndiye mkuu wake, uvumilivu ulimwisha. Hakupiga kelele. Alikwenda mahakamani. Wengi walisema amechanganyikiwa, askari kuwashitaki polisi! Akajibu kwamba sheria ni msumeno, na sasa anataka kuuona ukirudi nyuma.

Siku ya kesi tulijaa ukumbini. Wakili wa upande wa pili akasema kwamba hata mama huyu mwenyewe alijua si mkuu, ndiyo maana hakuthubutu kukikalia kiti. Adabu yake imegeuzwa kamba ya kumfungia! Tukamwona atastaafu na usajini wake, hivihivi.

Jaji, mama wa makamo mwenye miwani, aliuliza swali moja tu: makao makuu wakipiga simu kumtaka mkuu wa kituo, miaka yote hiyo ni nani aliyekuwa akiitika? Wakili akakiri kwamba ni mama huyu. Jaji akasema kituo hakiongozwi na kiti. Akaamuru apandishwe na athibitishwe, kuanzia pale miezi sita ilipotimia, na yule mwanafunzi abaki alikokuwa.

Kesho yake alikuja na nyota mabegani. Mumewe alizibandika mwenyewe, na tunaambiwa alilia. Tulijipanga mlangoni. Akaondoa kofia, akaketi, kiti kikalia. Akageukia dirisha, akafumba macho kuonja tu, na papo hapo usingizi ukambeba. Hakuwahi kusinzia kazini maisha yake yote. Tukamwacha, simu tukazijibu kwa kunong'ona mpaka adhuhuri. Alipoamka alisema ameota yuko kaunta, buti zinampwaya.

Wiki ijayo anakuja sajini mwingine kushika nafasi yake. Naye, tumeambiwa, atakaimu kwanza. Jana Mama Kaimu aliibeba ile stuli mwenyewe hadi nyumbani kwake, akatuachia amri yake ya mwisho: huyo mgeni akifika, akalie kiti siku hiyohiyo.

Asante, Afande Inspekta. Tumejaribu kukuita hivyo ukurasa mzima, mkono umekataa. Asante, Mama Kaimu. Siku zako za mbele ziwe njema na ndefu. Nenda ukalale; simu tutazijibu kwa kunong'ona.