Nilifunga Mabao kwa Jina la Faustin

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe hata na sisi ambao sauti zetu hazipandi! Mchungaji ameniomba nitoe ushuhuda, akanionya nisiusome kama ripoti ya refa. Nitajaribu. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Nikizungumza polepole msidhani moyo wangu umelala.

Naitwa Lubunga Mlondani, mzaliwa wa Uvira, kule Kongo iliyoitwa Zaire. Nilikuwa mchezaji wa mpira, mshambuliaji. Wengi mnaosali hapa Kicukiro leo, miaka ile mlikuwa bado Uganda, Tanzania au Bujumbura, kwa hiyo hamkuniona nikicheza, na hamkukosa kitu kikubwa. Sikuwa nyota. Nilikuwa mtu wa kuitwa timu ikiishiwa washambuliaji. Nilicheza Uvira, nikacheza Bukavu, nikacheza Bujumbura misimu miwili, kila mahali nikifika na begi moja na viatu vya mpira vimening'inia shingoni. Nilijua kusimama pale mpira utakapoangukia. Kipaji changu kilikuwa hicho tu, nacho kilinilisha.

Mwanzoni mwa mwaka 1990 timu moja ya hapa Kigali ikaniita. Nilipofika, timu yangu ya Bujumbura ikakataa kunipa barua ya kuniachilia, na bila barua hiyo nisingepata leseni ya kucheza huku. Katibu wa timu yangu mpya alikuwa mtu mnene, mcheshi, ambaye hakuna mlango uliomshinda. Aliniambia, "Wewe usijali. Leseni iko. Iko moja inalala bure."

Leseni ile ilikuwa ya Faustin. Faustin alikuwa mshambuliaji kutoka Ndera, umri wetu karibu sawa. Alikuwa amesajiliwa msimu uleule, akaumia goti mazoezini kabla hajacheza mechi hata moja, na mashabiki hawakuijua sura yake. Katibu akabandua picha yake, akabandika yangu, akagonga muhuri juu yake. Faustin mwenyewe hakuulizwa. Alilisikia jina lake redioni akiwa amelala kwao, mguu umefungwa plasta, anatangazwa kuwa amefunga bao. Aliniambia baadaye kwamba alicheka mpaka mkewe akamkemea.

Tangu hapo nikawa Faustin. Kwenye karatasi ya refa, Faustin. Mashabiki wakiimba, Faustin. Wachezaji wenzangu walijua ukweli na wakanyamaza, kwa sababu jambo hilo halikuwa geni katika kazi yetu. Karibu kila mchezaji wa kuhamahama alikuwa na kisa chake cha leseni, na tulikuwa tukisimuliana na kucheka. Nami nilicheka.

Sasa niwaeleze habari za mama yangu. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la usichana huwekwa pembeni, akaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mtoto wa kwanza ni mimi. Sokoni, kanisani, ziwani anakoteka maji, mama yangu aliitwa Mama Lubunga. Nilipoondoka nilimwambia, "Mama, Jumapili fungua redio ya Kigali, utanisikia." Hakujua Kinyarwanda, lakini jina la mtoto halina haja ya mkalimani. Basi kila Jumapili baada ya ibada aliiweka redio dirishani, na majirani wakakaa nje kusikiliza naye. Wakasikia mabao. Wakasikia Faustin, na Faustin tena. Lubunga hawakumsikia hata mara moja.

Na mimi, ndugu zangu, sikulifikiria hilo kabisa! Nilibadilisha jina kama mtu anayebadilisha jezi.

Oktoba ya mwaka ule vita vikaanza kaskazini, na mjini watu wakaanza kuulizwa-ulizwa. Tulikuwa tukifanya mazoezi upande wa Kanombe, na siku moja askari walitusimamisha barabarani. Mmoja akaitazama leseni yangu, akaniuliza baba yangu anaitwa nani. Nikamtaja baba yake Faustin, na kijiji chake, bila kusita. Askari akanirudishia leseni, akaniambia nipunguze kupiga mashuti nje. Wenzangu walicheka njia nzima. Mimi niliogopa, na si kwa sababu ya askari. Baba yangu mzazi alikufa nikiwa na miaka tisa, akanipa jina lake la Mlondani, na nilikuwa nimemkana kwa wepesi uleule niliokuwa nikipokelea pasi.

Nilitaka kumwandikia mama nimweleze. Lakini wakati wa vita barua zilikuwa zinafunguliwa, nikaogopa. Nikawa namtumia salamu tu kwa wafanyabiashara: mimi mzima, nacheza, niombee. Hivyo ndivyo nilivyoishi karibu miaka mitatu.

Katikati ya mwaka 1992 Faustin alitokea mazoezini. Alikuwa anatembea vizuri. Goti lilikuwa limepona, jambo ambalo daktari alisema halitatokea. Kocha akamwingiza acheze nasi dakika ishirini, na niwaambie ukweli, alikuwa bora kuliko mimi! Alikuwa na mguu wa kushoto ambao mimi sijawahi kuwa nao. Tulipomaliza, akamwendea katibu kuuliza lini ataanza kucheza.

Katibu akamwambia, "Faustin iko anacheza tayari."

Faustin alidhani anataniwa, akacheka. Kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

Hakufoka. Hakuenda kushtaki. Alianza kuja uwanjani kila Jumapili, akasimama nyuma ya goli tunaloshambulia, huku watu elfu kadhaa wakiliimba jina lake bila kujua kwamba wanamkanyaga vidole. Siku moja baada ya mechi alinifuata. Yeye peke yake ndiye aliyeniita kwa jina langu, kwa namna ya huku, L ikawa R. "Rubunga," akasema, "bao ya leo niliipenda sana. Ile ya pili, hapana, ulibahatisha." Akalikunja goti lake mbele yangu. "Lakini goti yangu imepona. Unajua, eh?"

"Najua," nikamwambia.

"Basi, ni vizuri ujue," akasema, akaenda zake Ndera. Angenitukana ningelala usingizi.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kusali na kikundi cha watu wa Kiswahili hapahapa Kicukiro, nyumbani kwa mchungaji mmoja mzee kutoka Bujumbura. Nako nilijulikana kama Faustin. Jumapili moja asubuhi, mwanzoni mwa 1993, mchungaji aliniwekea mikono kichwani, akaomba kwa nguvu, jasho likimtoka: "Bwana, mbariki mtumishi wako Faustin! Mfungulie Faustin njia!" Watu wote wakasema amina. Nami nikasimama pale nikiwaza kwamba baraka zile zote zinakwenda Ndera. Niliona haya, kwa sababu nilikuwa nazihitaji.

Mwezi haukupita, mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani kwetu, alifika kutoka Uvira. Alinitafuta mpaka akanipata sokoni, akanipa barua. Mama yangu hakujua kuandika, alikuwa amemwambia mtu amwandikie. Ilikuwa fupi. Ilisema: kila Jumapili nasikiliza, mwanangu. Watu wanasema mambo mengi. Kama upo, nijulishe. Kama hupo, yule anayesoma barua hii anijulishe.

Nikamuuliza yule mama watu wanasema nini.

"Wanasema uko gerezani. Wengine wanasema ulikufa, salamu zako wanatunga wafanyabiashara," akajibu huku akipanga ndagala zake. "Mimi nitasema nimekuona, lakini nani ataniamini? Sasa mama yako ameacha kuitika. Ukimwita Mama Lubunga hageuki, anakwenda zake tu."

Ndugu zangu! Nilikuwa nimeuza jina ambalo halikuwa langu peke yangu! Niliposimama pale sokoni na ile barua, niliona wazi kwamba kuna watu wawili hawana jina kwa sababu yangu. Mmoja anasimama nyuma ya goli, mwingine anapita sokoni Uvira bila kugeuka. Na mimi katikati nilikuwa napigiwa makofi.

Kutoka sokoni nilikwenda moja kwa moja kwa mchungaji. Nikamkuta anapalilia maharage. Nikamwambia, "Baba, yale maombi ya siku ile hayakunifika."

Akasimamisha jembe. "Kwa nini, mwanangu?"

"Uliomba kwa jina la mtu mwingine."

Akanitazama sana. "Wewe ni nani basi?"

Mtadhani hilo ni swali rahisi. Nilifungua kinywa, ulimi ukagoma. Karibu miaka mitatu sikuwa nimelitamka jina langu kwa sauti mbele ya mtu. Nilisikia hofu iliyozidi ile ya barabara ya Kanombe. Yule mzee hakunisaidia. Alingoja, jembe mkononi. Mwishowe nikasema, "Lubunga. Lubunga Mlondani, wa Uvira." Na kitu kikatoka kifuani mwangu, kitu kizito ambacho nilikuwa nimekizoea mpaka nikadhani ni sehemu ya mwili. Wengine wakifunguliwa huanguka chini. Mimi nilikaa tu kwenye tuta la maharage nikaomba maji ya kunywa. Lakini nilifunguliwa, ndugu zangu, na mpaka leo sijafungwa tena! Mzee akaniombea upya pale shambani, kwa jina langu, na mara hiyo amina niliisema mimi.

Jumatatu nilikwenda shirikisho la mpira na kitambulisho changu cha Zaire, nikaeleza kila kitu. Katibu wetu alipopata habari alinijia kwa hasira. Mnajua wote kwamba Ndera ndiko iliko hospitali ya wagonjwa wa akili. "Faustin iko Ndera kwake analima," akasema. "Sasa wewe unataka kwenda Ndera ile ingine! Ulikuwa na msimu moja tu ubaki, ukapumzika na heshima yako!" Na kuhusu msimu hakukosea. Nilifungiwa miaka miwili, na kwa mshambuliaji wa miaka thelathini hiyo ni kusema kwaheri. Timu ilinyang'anywa ushindi wake wa msimu ule. Wenzangu wengine hawakunipa mkono tena, na sikuwalaumu. Ukweli wangu ulikula na vya kwao. Sitaki kuwadanganya kwamba siku ile kila mtu alifurahi.

Nilifunga begi langu, nikapanda gari la kwenda kwetu. Njiani nilitunga maneno ya kumwambia mama: kwamba mwanao amekuwa mdanganyifu, amefungiwa, ametangazwa. Kwa maana walitangaza. Redioni, Jumapili, kabla ya mechi kuanza, walisoma uamuzi wote kwa Kinyarwanda na kwa Kifaransa.

Nilifika Uvira nikakuta watu wamejaa uani. Nikadhani kuna msiba. Mama alikuwa katikati anapakua samaki na ugali, kitambaa kipya kichwani. Aliponiona akapiga kigelegele, na wale majirani wote wakapiga naye.

"Tumekusikia!" akasema. "Jumapili! Wamekutaja mara tatu, na jina la baba yako pia!"

Nikamvuta pembeni. Nikamwambia, "Mama, hujaelewa. Walikuwa wananifungia. Walisema nimedanganya, nisicheze tena."

Akanisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi.

"Lakini walisema Lubunga?"

"Walisema."

"Basi," akasema. Mwanamke mmoja akaita kutoka jikoni, Mama Lubunga, chumvi iko wapi? Mama akageuka. "Naam," akajibu, akaenda kumtafutia chumvi. Nikabaki nimesimama peke yangu pale pembeni. Nimesema mimi si mtu wa kulia, ila siku ile nililia.

Mwaka huohuo wa 1993 Faustin alirudishiwa leseni yake, na picha yake juu. Tulimsikiliza dirishani, mimi na mama. Alipofunga bao lake la kwanza, mtangazaji akaliita jina lile kwa kelele kama zamani, na mama akanigeukia: "Huyu ni wewe?"

"Hapana, mama," nikamwambia. "Huyu ni yeye."

Faustin aliuawa Aprili mwaka uliofuata, katika mauaji ya kimbari, yeye na mkewe. Watu wengine wameniambia Mungu alinitoa Kigali mapema kwa sababu alinipenda. Mimi hilo silisemi, na naomba msiliseme mahali hapa. Faustin alipendwa. Kwa nini mimi nimesimama hapa na yeye hayupo, sijui, na nitakapofika kwa Bwana hilo ndilo nitakalouliza kwanza. Ninachoshuhudia ni kile nilichokiona: kwamba alicheza msimu mmoja akiwa yeye mwenyewe, na kwamba tulipokutana mara ya mwisho alinipa mkono.

Nashukuru Mungu, namshukuru yule mzee wa maharage. Na wewe uliyekaa hapa, kama unaishi kwa karatasi ya mtu mwingine, au kwa sifa ya mtu mwingine, au kuna mahali unapoitwa na hugeuki, njoo mbele tuombe. Usiogope kwamba kutakugharimu. Kutakugharimu, mimi mwenyewe nimelipa. Mtegemee Yesu tu, atangoja mpaka ulimi wako ufunguke.

Mabao yangu ya Kigali, wanaoyakumbuka bado wanayahesabu ya Faustin. Nimewahi kuulizwa kama ningependa yasahihishwe. Hapana. Yaacheni kwake yote, hata lile la kubahatisha.